Mkaguzi wa Riwaya wa Buhongwa

Kaka yangu Ishengoma Rwekaza hajawahi kusoma riwaya akaipenda. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu, maana nimekula naye chakula cha mchana kila Jumapili tangu alipostaafu, na kila Jumapili, ndizi zikishaondolewa mezani, hutufanyia ukaguzi. Kila aliyekaa pale lazima aeleze riwaya aliyoisoma wiki hiyo kwa kujifurahisha, kisha yeye anaichinja. Neno hilo la kujifurahisha ni lake. Mtu asiyemjua angedhani nyumba ile ina furaha.

Alikuwa mkaguzi wa shule. Kazi yake yote aliifanya kwa kuzunguka visiwa vya ziwa na vijiji vya nchi kavu, na walimu wakisikia anakuja walipatwa na malaria ya ghafla. Alipostaafu akakosa watu wa kuwatisha, akahamia kwa waandishi, ambao wana bahati ya kutomjua. Watu wa hapa Mwanza hutuita sisi Wahaya nshomile, yaani tumesoma na tunataka kila mtu ajue. Mimi huudhika nikiitwa hivyo, mpaka nimkumbuke kaka yangu.

Mimi ni Leonsia, mdogo wake, nesi mstaafu na mjane. Nakaa Nyegezi, vyumba vya uani nimewapangisha wanafunzi wa chuo. Wakimaliza masomo huniachia ndoo zilizopasuka, sufuria zilizoungua na riwaya. Basi nasoma kila kitu: mapenzi, majambazi, wachawi, matajiri wanaozaa na wasichana wa kazi kisha wanajifanya hawawajui. Nasoma miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto na sioni aibu yoyote. Kaka anasema mimi nasoma kwa tumbo. Mimi namwambia afadhali yangu, angalau nashiba.

Mtu pekee aliyeweza kwenda naye sambamba pale mezani ni binti yake, Angela. Mama yake alifariki Angela akiwa mdogo, kaka akamlea kwa ndizi, sala na dharau. Sasa ni mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya Magu, na mwisho wa wiki hurudi Buhongwa kwa baba yake. Ukimpa Angela riwaya, anaanza na jina la kitabu, analipasua, halafu anashuka kwa wahusika mmoja mmoja bila haraka. Jumapili moja nilikuwa nimesimulia kwa moyo wote riwaya ya mjane anayefungua mgahawa na kupendwa na hakimu. Angela aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Shangazi, huyu mwandishi hajawahi kukutana na mwanamke. Labda aliwahi kuelezwa."

Kaka alicheka mpaka akavua miwani. Alimtazama mtoto wake kwa fahari ambayo mimi sikuipenda hata kidogo, kwa sababu Angela alikuwa ameshavuka thelathini, na wachumba wote waliokuja nyumbani pale kaka aliwachinja kwa kisu hichohicho. Mmoja alisema hana muda wa kusoma. Mwingine alisema riwaya zote ni uongo, naye akaambiwa kwamba hata shati lake la kijani ni uongo. Wa tatu alikuwa daktari, kijana wa kwetu kabisa, Mkatoliki, lakini akasema anasoma vitabu vya kufundisha namna ya kutajirika. Huyo aliondoka kabla ya ndizi.

Angela naye kila mara alikubali. Alisema hana mzazi mwingine na hataolewa bila baraka ya huyu aliyenaye. Nilimwona mjinga, na nilimwambia hivyo.

Ndipo akaja Masele Luhende. Ni Msukuma wa Magu, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kando ya barabara. Angela alikuwa akipita pale kila siku akitoka kazini, akimkuta amekaa juu ya magunia, nywele zimejaa pumba, anasoma. Safari hii Angela hakumpeleka moja kwa moja kwa baba yake. Alikuja kwangu kwanza, akakaa kitandani kwangu, akavua viatu. "Shangazi, Baba akimkataa huyu, sitaleta mwingine tena," alisema. Alisema kwa utulivu, jinsi anavyotaja jibu la hesabu, nami nikaogopa, maana najua hakosei.

Masele alifika Jumapili iliyofuata na sato wawili wakubwa ndani ya ndoo ya barafu. Kaka alimwuliza kabla hata samaki hawajafika jikoni.

"Kijana, karibuni umesoma riwaya gani?"

Masele akaitaja. Ni ile ya mke mkubwa anayebaki kumlea mtoto wa mke mdogo. Naijua, ilitoka kwangu, Angela ndiye aliyemwazima. Ni riwaya ya hovyo na nilikesha nayo.

"Na maoni yako?"

"Mzee, mimi nililia," Masele akasema. "Umeme ulikuwa umekatika, mashine imesimama, wateja wamelala. Nikafika pale mtoto anapomwita mama yule asiyemzaa. Ikanishinda."

"Ulilia."

"Ndiyo, mzee."

"Mbele ya wateja."

"Walikuwa wamelala, mzee."

Kaka alimgeukia Angela, akitazamia kwamba mtoto wake ataanza kupasua. Angela alikuwa anatazama kitambaa cha meza. Kaka akangoja, akaona hapasuliwi mtu. "Mwanaume mzima," akasema mwenyewe, "anamlilia mtu ambaye hayupo." Akainuka akaenda chumbani kwake. Chakula kilipoletwa Masele alimaliza sahani yake yote, akaomba nyongeza ya mchuzi, na hilo likanipendeza, maana daktari hakuweza.

Nikadhani mambo yameisha. Kumbe kijana alipokuwa anaaga, kaka alitoka chumbani na bunda la karatasi zilizochapwa kwa kompyuta na kubanwa pembeni kwa plastiki, jinsi wanafunzi wanavyobaniwa kazi zao stesheneri. Juu hapakuwa na jina la mtu. Alisema ni riwaya ya rafiki yake mmoja, haijatoka bado.

"Isome," alimwambia Masele. "Siku wazee wako watakapoleta posa, nitataka maoni yako. Nikiyasikia nitajua kama mtoto wangu anakwenda kwa mtu au kwa mashine ya mpunga."

Angela alisikia kila neno. Alimsindikiza mwenzake mpaka barabarani, kwenye vumbi la malori ya Shinyanga, akarudi akaanza kuondoa vyombo mezani.

Mimi hapo nikajiona mjanja kuliko wote. Wiki ya posa Masele alikuja Nyegezi na bunda lake kwapani. Alinisalimia vizuri, akauliza aseme nini.

"Kiponde," nikamwambia. "Kwa kaka yangu kusifu ni ushamba. Ukisema umependa hata ukurasa mmoja, umekwisha."

"Lakini shangazi, mimi hiki kitabu..."

"Umekililia na hiki?"

"Hapana. Hiki hakilizi. Na kuna sehemu zinachosha sana. Ila..."

"Basi zisemwe hizo zinazochosha. Hiyo ila yako iache Magu."

Akakuna kichwa. "Tatizo, shangazi, sitasema mimi. Atasema mjomba."

Hilo nilikuwa nimelisahau. Kwenye posa kijana hafungui mdomo. Anainamisha kichwa, na mshenga anamsemea kila kitu, hata akiulizwa kama ameshiba. Mshenga wao alikuwa Mzee Nkwabi, mjomba wake Masele, mnunuzi wa ng'ombe minadani, mtu ambaye hajawahi kusoma riwaya hata moja na hajaona kilichopungua. Nikamwagiza Masele amfundishe huyo mzee vizuri, kila kosa alijue. Akaitikia kwa shingo upande. Kisha akaniachia bunda lile, akaniomba na mimi nilisome nimpe maoni yangu. Alipotoka nililisukumia chini ya kitanda. Rafiki wa kaka yangu angeandika nini cha maana? Na kaka yangu ana rafiki gani?

Jumamosi ya posa nilikwenda Buhongwa asubuhi kusaidia jikoni. Bunda nilikuwa nalo kwenye mkoba ili nimrudishie Masele. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walikuwa wengi, ndizi zilikuwa zimeshamenywa, na Angela amefungiwa chumbani anavalishwa. Nikakosa kazi. Nikakaa kwenye kigoda karibu na jiko, nikafungua ukurasa wa kwanza ili nipate la kucheka.

Nililipata. Ni kitabu cha mkaguzi anayezunguka visiwa kwa boti, na kila shule anayofika anakuta makosa. Mkaguzi huyo hana mke, hana njaa, hapati hata mafua. Kuna sura nzima ya chaki, namna zinavyopotea na nani anazichukua. Nikawasomea wanawake wenzangu kwa sauti ya padri, nao wakacheka mpaka mmoja akaunguza vitunguu. Halafu nikafika kwenye harusi ya dada yake mkaguzi. Kanisani, watu wote wameketi, mkaguzi anasimama na kuiambia kwaya kwamba sauti ya tatu inashuka.

Harusi ile ilikuwa yangu. Watu wa Bukoba waliokuwepo mpaka leo wakiniona wananiuliza habari za ile kwaya.

Nilifunga bunda. Kaka yangu alikuwa ameandika kitabu, na mimi nilikuwa nimewatuma watu wa Magu waje kumchinja sebuleni mwake. Nikatoka uani kumpigia Masele simu. Ilikuwa imezimwa, kwa heshima ya shughuli. Nikasikia geti linafunguliwa, gari likaingia, na wanawake wakapiga vigelegele.

Kunawisha wageni ni kazi ya wasichana, lakini nilinyakua jagi na beseni nikasema nitanawisha mwenyewe. Walidhani nimezidiwa na furaha. Bunda nikalifunika kwa taulo, na nilipofika kwa Masele nikamwachia magotini. Alinitazama bila kuelewa. Kisha nikampigia magoti Mzee Nkwabi, nikammiminia maji mikononi, nikamnong'oneza, "Baba, kile kitabu kisifu."

Mzee Nkwabi akatabasamu kidogo. Baadaye alinieleza alichokuwa anawaza. Mnadani, muuzaji huwa na ndugu yake anayepita kwa wanunuzi kimyakimya, akiwaambia huyu ng'ombe ni mzuri sana. Ukimwona ndugu huyo, ujue ng'ombe anaumwa. Basi nilipomnong'oneza nilimthibitishia kwamba yuko kwenye njia sahihi, akaamua kuongeza.

Kwa kawaida baba wa binti naye huweka msemaji wake. Kaka alikataa, akasema hajaona mtu anayeweza kusema anachotaka yeye bila kukiharibu. Alikaa peke yake kwenye kiti kikubwa, suti ya kijivu, wazee wa ukoo wamejipanga pembeni bila kazi. Mimi nilisimama nyuma ya pazia la mlango wa jikoni na beseni la maji machafu mikononi. Salamu zikapita, utambulisho ukapita.

"Kijana alipewa kitabu," kaka akasema. "Maoni yake ni yapi?"

Mzee Nkwabi akasafisha koo. "Mzee Lwekaza," alianza, na nikaona shavu la kaka linacheza, maana hapendi jina lake litamkwe Kisukuma. "Kijana wetu ameisoma hiyo liwaya. Anasema haina nyama. Ukiipapasa, mbavu unazihesabu. Inatembea kidogo, inasimama. Inatembea tena, inasimama. Huyo mwenye kitabu anaswaga maneno mengi sana, na hayafiki lamboni kunywa maji hata moja. Sisi tukiipeleka mnadani, mzee, jioni tunaludi nayo nyumbani."

Wazee wa Magu walicheka. Wa kwetu wawili nao walicheka, kwa sababu ilikuwa hukumu nzuri, nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia mezani kwa kaka.

"Na huyo mkaguzi wake?" kaka akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, lakini hakuna aliyelitambua hilo isipokuwa mimi.

"Huyo ni wa kuchinja," akasema Mzee Nkwabi. "Hazai, hakamuliki, na anapiga teke kila anayemsogelea. Mwenye zizi anayemfuga huyo ana mapenzi yake mwenyewe."

Walicheka tena. Kaka alivua miwani akaishika mkononi. Nimeishi miaka mingi nikitamani siku moja mtu amlishe chakula anachotupikia sisi, na nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Sikufurahi. Nilimwonea huruma, na ilinikera kumwonea huruma mtu yule.

"Huyo ndiye kijana wetu na maoni yake," Mzee Nkwabi akamaliza, akaegemea kiti akiwa ameridhika na kazi yake.

"Mwacheni aseme mwenyewe," kaka akasema.

Wazee wakatazamana. Mzee Nkwabi akamweleza kwa upole kwamba kijana hasemi, kila mtu anajua, hata kwa Wahaya ni hivyo.

"Ndani ya nyumba yangu atasema."

Masele aliinua kichwa. Jasho lilikuwa linamtoka, na mkono mmoja ulikuwa juu ya bunda. Nilimwomba Mungu kijana asimwambie kaka yangu uongo, kisha nikaomba asimwambie ukweli, maana sikujua tena kipi kitamwokoa Angela.

"Mzee, maneno ya kuchinja ni ya mjomba," alisema. "Ila kinachosha, hilo nilisema. Chaki ni nyingi."

Mtu mmoja akakohoa.

"Lakini nilikisoma mpaka mwisho, na mwisho nikaurudia. Pale mkaguzi anapostaafu, anaagiza chakula cha watu wengi, anapanga viti yeye mwenyewe, anakaa kungoja. Haji mtu. Aliyeandika anafanya kama anamcheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilitaka niingie pale nile naye."

"Ulilia?" kaka akauliza.

"Hapana, mzee."

"Kwa nini?"

Masele akafikiri. "Kitabu chenyewe hakitaki mtu alie. Kinamzuia."

Nilimtazama kaka. Alikuwa anakubali kwa kichwa, polepole, na hilo sikuwahi kuliona tangu tukiwa watoto.

"Kitabu ni changu," akasema.

Mzee Nkwabi aliangalia dari, halafu akaangalia pazia niliposimama, na nikaona ameelewa mnong'ono wangu ulikuwa wa nini. Alifungua mdomo, pengine kuomba radhi, lakini kaka akamkatisha kwa mkono. "Umesema vizuri, mzee. Ningesema hivyohivyo, kama kingekuwa cha mtu mwingine." Kisha akasema, "Mwiteni Angela."

Kumleta binti mbele ya wageni ni kazi ya shangazi. Nilimkuta amesimama mlangoni mwa chumba, kanga kichwani, na uso wake uliniambia kwamba kuta za nyumba ile ni nyembamba. Nilimshika mkono nikamwingiza sebuleni. Alipiga magoti mbele ya baba yake, macho chini.

"Unawafahamu wageni hawa?" kaka akauliza, kama desturi inavyotaka.

"Nawafahamu, Baba."

Baada ya hapo binti hurudishwa ndani, na wanaume huendelea na yao. Nilikuwa nimeshamshika bega ili ainuke. Kaka akasema ngoja.

"Umesikia kwamba nimeandika kitabu."

"Nimesikia."

"Huyu kijana amekisoma chote. Wewe mwanangu hujakisoma."

"Hukunipa, Baba."

Kaka alivaa miwani, akaivua tena. Wageni walikuwa wanatazama sakafu, kila mmoja sehemu yake. "Nilikuwa nacho kabatini," alisema. "Kila Jumapili nilijiambia leo nitampa. Halafu tunakaa mezani, nasikia unavyovisema vitabu vya watu. Niliogopa utanijibu nilivyokufundisha."

Angela alibaki amepiga magoti. Alinyoosha mikono yote miwili kwa baba yake.

"Basi nipe sasa," akasema.

"Sinacho mimi," kaka akamjibu. "Kiko kwa mchumba wako. Mwombe yeye."